Fungu la Binti: Kisa cha Mirathi Moja ya Ujiji

Muhtasari wa kikao cha ukoo ulioambatanishwa na maombi ya mirathi ulitaja warithi watano: mjane, watoto wawili wa kiume na watoto wawili wa kike. Marehemu aliacha watoto watano, si wanne. Huyo aliyekosekana yu hai, anashona nguo Tabora, na kila aliyetia sahihi chini ya karatasi ile alikuwa anamjua tangu anazaliwa.

Nilikipokea kisa hiki katika kazi ya usaidizi wa kisheria. Majina nimeyaondoa, na mambo kadhaa yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Mhusika alizaliwa na kuandikishwa kuwa mtoto wa kiume. Mwenyewe anajijua kuwa binti, na hakumbuki wakati alipojiona vinginevyo. Nami nitamwita hivyo. Wanaoandika habari za watu kama yeye husema transjenda. Mtaani alipewa majina mengine, la upole kuliko yote likiwa "anti".

Visa vya namna hii kwetu husimuliwa kama visa vya dini au vya maadili, mtu kafukuzwa kwao, na hadithi inaishia hapo. Hiki ukikifuata kwa karatasi unaona kitu tofauti. Ukoo uliomkataa ulikuwa na hoja moja mwaka 2018 na hoja iliyo kinyume chake kabisa mwaka 2023, na kilichobadilika katikati si imani ya mtu yeyote.

Familia yenyewe

Baba alikuwa fundi wa kuunda maboti ya mbao Kibirizi, Kigoma, mtu wa maneno machache. Alikuwa na nyumba Ujiji, shamba la michikichi nje ya mji na boti moja la dagaa. Hilo boti lilikuwa mikononi mwa mdogo wake, yaani baba mdogo wa binti, ambaye ndiye aliyejua limevua kiasi gani, limeharibika nini na mafuta yamekula shilingi ngapi. Nyumba nzima ilikula kwa kauli yake. Mama alikausha na kuuza dagaa mwaloni.

Binti alipokuwa mdogo alishinda na mama yake huko, akianika dagaa pamoja na wanawake na kuimba nao. Hakuna aliyeona tabu. Watu walicheka, wakasema atakua ataacha. Mtoto akifika umri wa kuota ndevu, kicheko kile kile kinageuka kuwa swali, na swali anaulizwa baba, barazani, mbele ya wenzake. Hapo ndipo mzee alipoanza kuumia. Kwa maelezo yote niliyoyapata, hakuwahi kumpiga. Alichofanya ni kuacha kumwitikia. Binti anaamka, anasema "Shikamoo baba," mzee anaangalia pembeni. Asubuhi baada ya asubuhi hakuna marahaba. Kaka mkubwa ndiye aliyepiga, na baba hakusema neno.

Walijaribu tiba, kama familia nyingi. Mganga alitafuta jini. Shehe alimsomea. Hospitali walipima damu wakaambiwa mtoto hana ugonjwa, jambo lililowakasirisha zaidi, maana ugonjwa una dawa. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 2022, hali ya mtu kujitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikishwa nayo iliondolewa kwenye sura ya maradhi ya akili na kuwekwa kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana. Sitarajii baraza la Ujiji lisome orodha hiyo. Naitaja kwa ajili ya wenzangu ambao bado huandika kwenye faili zao "apelekwe kwa daktari wa akili" wakidhani wamesaidia.

Kikao cha mbalamwezi

Mwaka 2018 binti alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Elimu bila ada ilikuwa imeanza tangu 2016, kwa hiyo lililobaki mikononi mwa familia lilikuwa sare, viatu, madaftari na nauli. Hivyo vyote vilitoka kwa baba mdogo.

Oktoba mwaka huo Paul Makonda, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kuunda timu ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake, si msimamo wa serikali. Tangazo la kwanza lilifika kila baraza la Ujiji, lakini hiyo taarifa ya pili sijakutana na mtu yeyote katika ukoo huu aliyewahi kuisikia. Dar es Salaam iko mbali sana na Kigoma, na hakuna aliyekuja kumsaka mtu, ila tangazo lile liliipa familia kitu ambacho haikuwa nacho: sababu ya haraka.

Kikao kiliitishwa siku za mwezi mkubwa, wakati maboti ya dagaa hayaingii ziwani na wanaume wote wapo nchi kavu. Walikaa baba, baba mdogo, baba mkubwa aliyetoka Kasulu, kaka mkubwa na mwenyekiti wa mtaa, aliyealikwa kama mzee wa heshima. Mama alipika chai na hakuulizwa neno. Baba mdogo ndiye aliyefungua na ndiye aliyefunga, na kauli yake wote wanaikumbuka: "Huyu ni mwanaume. Mungu kamuumba mwanaume. Habari imeisha." Wakakubaliana anyolewe, anyang'anywe simu, na apelekwe kwa baba mkubwa akalime mpaka akomae. Shule ingengoja.

Nimewahi kusikia watu wakikiita kikao kama hiki kikao cha chuki. Ukiwauliza waliokaa pale, mmoja mmoja, kila mtu anakwambia alikuwa anamwokoa: kaka anamwokoa na polisi, baba mkubwa na Dar es Salaam, baba na maneno ya watu. Nawaamini wote kwa sehemu. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema mtoto mwenye miaka 17 atarudi shule lini, na swali hilo halikuhitaji mtu awe na msimamo wowote kuhusu jinsia.

Kasulu alilala stoo. Alilima muhogo na maharage, alibeba magunia, na binamu zake walijipa kazi ya kumfundisha uanaume kwa fimbo. Alama moja iko juu ya kiwiko mpaka leo. Baada ya mavuno alitoroka. Nauli ilitoka kwa mama yake, aliyeuza vitenge vyake na kutuma fedha kupitia mchuuzi wa dagaa, bila kumwambia mumewe. Binti akapanda treni, akashuka Tabora, kwa shangazi.

Shangazi

Huyu ni dada yake baba, mjane, ana kibanda cha chakula karibu na stesheni. Katika ukoo wa upande wa baba, shangazi ana sauti ambayo mama hana, na hilo lilikuja kuamua mambo mengi.

Asifikiriwe kuwa ni mwanaharakati. Anauona huu ni mtihani, na kila Ramadhani anamwombea binti abadilike. Aliniambia waziwazi: "Mimi sijaelewa, ila mtoto wa kaka yangu halali stesheni." Alimpa chumba, akamtafutia fundi wa kumfundisha cherehani. Binti sasa anashona madera na sare za shule, na wateja wake wengi ni akina mama wanaojua au wanaodhani wanajua, ilimradi mshono umenyooka.

Mambo ya karatasi ndiyo yaliyombana. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, asiye na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hana laini yake. Yeye aliogopa kwenda kuomba kitambulisho kwa sura moja na cheti cha sura nyingine, kwa hiyo laini yake iko kwa jina la shangazi, na fedha za ushonaji zinaingia kwa jina la shangazi. Mtu anaweza Tanzania kubadili jina kwa hati ya kubadili jina. Kisanduku cha jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa hakina utaratibu wa kisheria wa kukibadilisha. Jirani zetu Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua na kiondolewe alama ya jinsi. Hukumu hiyo haifungi mahakama zetu, ila inaonyesha kwamba karatasi si jiwe.

Sheria walizozitaja na zile walizoziacha

Kila niliyezungumza naye katika ukoo alinitajia "sheria" kama kitu kimoja kinachomlenga binti. Walimaanisha kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kipo pia cha 157, kuhusu vitendo vya aibu kati ya wanaume, kinachofikia miaka 5. Hizi ni sheria nzito na hofu inayotokana nazo si ya kubuni. Lakini zinahusu tendo, na hakuna aliyewahi kumtuhumu binti kwa tendo lolote. Hakuna kifungu kinachosema mtu akijitambua hivi au akivaa vile ametenda kosa. Kwa vitendo polisi wanaweza kumkamata mtu kwa uzururaji au kwa sura yake tu, na nilimwambia hivyo, kwa sababu si haki kumtuma mtu mahakamani ukimpa nusu ya habari.

Sheria iliyomhusu moja kwa moja mwaka 2018 hakuna aliyeitaja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumbagua, inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, inawapa wazazi wajibu wa kumpa elimu na makazi, na kifungu chake cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto ananyimwa hayo atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Kumnyoa kwa nguvu, kumtoa shule, fimbo za Kasulu, vyote hivyo ni makosa ya watu wazima dhidi ya mtoto, na havigeuki kuwa halali kwa sababu mtoto huyo anawaudhi. Palikuwa na afisa ustawi wa jamii. Palikuwa na dawati la jinsia na watoto polisi. Palikuwa na simu ya bure, 116.

Mbona mama hakwenda? Nilimuuliza, akacheka kwa uchungu. Angeanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye mkeka ule ule akinywa chai yake.

Msiba

Baba alifariki mwaka 2023. Habari ilifika Tabora usiku, na asubuhi shangazi na binti walikuwa safarini. Njiani simu ya kaka mkubwa ikaingia na sharti: aje na kanzu, akae na wanaume, aingie kaburini kama mtoto wa kiume anavyoingia, vinginevyo asifike.

Shangazi alijadiliana nusu ya safari. Walichofikia ni kwamba binti afikie nyumba ya jirani, asionekane msibani, na aende makaburini baada ya watu kutawanyika. Alikubali. Tanga likaanuliwa bila yeye. Mama alivuka uchochoro usiku, wakalia pamoja, akarudi kabla ya alfajiri. Sina zaidi la kusema kuhusu siku zile. Walioumia wenyewe hawapendi kuzieleza.

Hesabu

Baada ya arobaini ukoo ukakaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na ndipo ulipoandikwa ule muhtasari. Dada mdogo, mtoto wa mwisho wa marehemu, aliupiga picha na kuituma Tabora kwa WhatsApp pamoja na picha ya cheti cha kuzaliwa cha binti, kilichokuwa kwenye sanduku la mzee. Bila picha hizo mbili kusingekuwa na kisa cha kuchambua.

Marehemu alikuwa Mwislamu na mali yake ingegawiwa hivyo. Mjane akiwa na watoto hupata moja ya nane. Saba ya nane inayobaki hugawiwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ndugu wa marehemu, akiwamo baba mdogo, hawapati kitu palipo na watoto wa kiume. Sasa tazama fungu la kila kaka. Binti asipohesabiwa kabisa, kila kaka anapata 7/24 ya mali yote. Akihesabiwa kama cheti kinavyosema, mtoto wa kiume, fungu la kila kaka linashuka hadi 7/32, na yeye anapata hizo hizo 7/32. Akihesabiwa binti, kila kaka anapata robo, naye anapata 1/8.

Baba mdogo hakuwa na fungu la kupoteza. Alikuwa na boti. Kadiri warithi wanavyokuwa wachache na wa karibu naye, ndivyo boti linavyobaki mikononi mwake bila mtu kuuliza hesabu za miaka yote ile. Hili si dhana yangu tu. Kaka mdogo alilisema mwenyewe kikao cha pili kilipochemka.

Tuliandika pingamizi. Binti aliliwasilisha Mahakama ya Mwanzo kwa jina lililo kwenye cheti, na siku ya kuitwa alivaa suruali na shati. Ulikuwa uamuzi wake. Hakimu hakuuliza lolote kuhusu maisha yake. Alimuuliza mwombaji wa usimamizi wa mirathi swali moja: marehemu ana watoto wangapi? Mwombaji akasema watano. Hakimu akaonyesha muhtasari, akasema urudi nao ukiwa na majina matano ya watoto, na shauri likaahirishwa. Katika miaka ya kazi hii nimeona pingamizi nyingi zikipotea kwa sababu anayepinga anataka kwanza mahakama imhurumie. Hii ilisimama kwa sababu iliomba kitu kimoja kinachothibitika kwa cheti.

Kikao cha pili

Safari hii shangazi alikaa ndani, si jikoni, na mama alikaa kando yake. Ilipofika zamu ya fungu la binti, msemaji mkuu wa ukoo alikuwa yule yule aliyesema Mungu kamuumba mwanaume na habari imeisha. Sasa alisema: "Si anataka kuwa mwanamke? Basi achukue fungu la mwanamke."

Baraza likanyamaza kidogo, kisha shangazi akacheka mpaka kanga ikamwanguka. Akamwambia mdogo wake arudie aliyosema, taratibu, ili mwandishi wa kikao aandike vizuri.

Vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, vina mlango mzima kuhusu mirathi ya khuntha, mtu ambaye mwili wake hauko wazi kuwa wa kiume au wa kike. Shehe aliyekuwapo alisema kweli kwamba mlango huo haumhusu binti, kwa sababu yeye mwili wake haukuwa na utata. Kwa hiyo kwa fiqhi na kwa cheti, haki yake ilikuwa 7/32, na nilimweleza hivyo kwa simu kabla hajajibu. Warithi wakishajua haki zao wanaruhusiwa kupatana kwa hiari yao wagawane vinginevyo. Akauliza ataandikwaje. Nikamwambia makubaliano yatataja mafungu: mama 1/8, watoto wa kiume wawili robo kila mmoja, mabinti watatu 1/8 kila mmoja.

Akasema andikeni hivyo.

Nina shaka mbili kuhusu alichokubali. Ya kwanza ni ya fedha: ameacha 3/32 ya mali ya baba yake, na nyumba ya Ujiji si kitu kidogo. Ya pili ni kwamba ukoo haukumtambua kwa kumkubali. Ulimtambua kwa ubahili. Mwenyewe hana shaka. Alisema hela hupatikana, na kwamba hajawahi kuona karatasi ya kwao yenye maneno "mabinti watatu". Siwezi kumpangia bei ya kitu ambacho mimi nilizaliwa nacho bure.

Kwa wanaoshughulikia visa kama hivi, ningesema waanze na nyaraka mapema kuliko nilivyozoea kuona. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, chochote chenye jina la mtoto na jina la mzazi kipigwe picha siku ya kwanza mtu anapofukuzwa, si miaka mitano baadaye. Na atafutwe shangazi. Karibu kila ukoo una mtu ambaye haelewi wala hakubaliani, lakini hataki mtoto wao alale nje, na mtu huyo ana nguvu ambayo wakili hana.

Mpaka ninapoandika, msimamizi wa mirathi ni kaka mdogo, na orodha ya mali kwa fomu namba 5 imeshawasilishwa ndani ya miezi minne inayotakiwa. Kaka mkubwa bado hamsalimii binti, na ameomba asije Ujiji siku za Idi. Mama yao amejibu kwa kuhamishia Idi yake Tabora. Fomu namba 6, ya hesabu, imekwama kwenye boti, kwa sababu baba mdogo anasema daftari la mauzo lililowa maji. Barua ya kumtaka alete hesabu nyingine imekwenda mahakamani wiki iliyopita, imetiwa sahihi na mabinti wote watatu.